Asetati: ya nini?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wamama na vijana wa nyumbani, leo tutajifunza neno moja mnaloliona kwenye etiketi za bidoni, za chupa na hata za dawa: asetati. Watu wananiuliza kama asetati ni sumu. Mimi nawajibu kwamba swali halijakamilika. Sherti kwanza uniambie ni asetati ya nini.

Neno hili linatokana na jina la siki katika Kilatini, acetum. Siki tunaijua. Pombe ya ndizi ikisahauliwa siku nyingi ndani ya mtungi ulio wazi, inachachuka mpaka hakuna anayetaka kuinywa. Vijidudu vimegeuza kileo kuwa asidi ya asetiki. Asidi hiyo ikishikamana na kitu kingine, ndipo inapozaliwa asetati. Jaribuni nyumbani: weka soda ya kuumulia maandazi ndani ya kikombe, mimina siki. Povu litapanda kwa sababu ya hewa inayotoka, na ndani ya maji itabaki asetati ya sodiumu. Hiyo haitishi, hata viwanda vya chakula vinaitumia.

Sasa badala ya soda weka risasi, kile chuma kizito na laini kilichomo ndani ya betri ya gari. Siki ileile, ikisaidiwa na hewa, itaila risasi polepole na kutoa asetati ya risasi. Ni chumvi nyeupe, inayeyuka ndani ya maji, tena ni tamu! Watu wa zamani waliiita sukari ya risasi. Warumi walichemsha maji ya zabibu ndani ya vyungu vya risasi, wakafurahia utamu wake. Utamu huo ndio unaonitia woga, kwa maana mtoto hutema kitu kichungu, lakini kitamu anakimeza.

Katika viwanda vinavyotoa dhahabu kwa sianidi na unga wa zinki, mara nyingine hutiwa asetati ya risasi kidogo ili zinki ifanye kazi vizuri. Anayeishika avae glavu na maski ya vumbi, asile wala kuvuta sigara mahali pale, aoge na kuacha nguo za kazi kazini. Bibi anayefua nguo, na mtoto anayekimbilia kumpokea baba mlangoni, hawakuajiriwa na kompani.

Risasi inakaa ndani ya mifupa miaka mingi. Mtu mzima anaumwa tumbo la kukaza, choo kinafunga, damu inapungua, mikono inalegea. Kwa mtoto inaharibu ubongo, na mara nyingi huoni dalili yoyote ila kwamba shuleni hashiki masomo. Mwenye mimba anaipitisha kwa mtoto aliye tumboni.

Wala usiseme, mimi sifanyi kazi kiwandani. Mwaka 2014 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi wa masufuria ya aluminiamu ya Kameruni, yale yanayotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma vya zamani. Walichemsha ndani yake maji yenye asidi ya siki, na risasi ikatoka. Masufuria ya namna hiyo yanatengenezwa katika nchi nyingi za Afrika. Basi wamama wa Lusenda na Baraka, sufuria kama hiyo isipikiwe vitu vikali kama nyanya, ndimu au siki, wala chakula kisilale humo. Na betri isiyeyushwe uani.

Kuna asetati nyingine zinazozaliwa asidi inaposhikamana na namna mbalimbali za alkoholi. Hizo ni maji yanayoruka hewani upesi na kunukia. Asetati ya etili imo ndani ya gundi, ndani ya maji ya kuzimulia rangi, na ndani ya maji mengine ya kutolea verni ya kucha. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka kwenye mbabula, halafu moto unarudi kwenye chupa.

Asetati ya isoamili inanukia ndizi mbivu, na ndizi yenyewe inayo. Wenye maski za vichujio vya mvuke hupimwa kwayo. Kwanza mtu ahakikishwe kwamba pua yake inasikia harufu hiyo, kisha avae maski. Akisikia ndizi, maski inavuja, mara nyingi kwa sababu ya ndevu. Maski ya karatasi ya vumbi usiipime hivyo, kwani inapitisha mvuke wote. Tena msidanganyike: kichujio kinachozuia harufu ya ndizi si lazima kizuie merkiri ya wachoma dhahabu. Merkiri ina kichujio chake, na mvuke wake hauna harufu hata kidogo.

Vitu vikavu nitavitaja upesi. Pamba au mti ukitengenezwa kwa asidi hiyo unatoa nyuzi za nguo, fremu za miwani na kichujio cha sigara, ambacho hakimwokoi mvutaji. Gundi nyeupe ya seremala na soli nyepesi za kandambili nazo ni za ukoo huu.

Wamama wengine wameogopa kusoma neno hili kwenye sindano ya kupanga uzazi, medroksiprojesteroni asetati. Hapo ni kipande cha dawa yenyewe, hakina risasi wala maji ya rangi. Sindano hiyo ina maudhi yake, kama hedhi kubadilika, na hayo njooni tuyazungumze.

Maji ya rangi au unga wa kiwandani usitiwe kamwe ndani ya chupa ya limonade. Mtoto akinywa, usimtapishe, maana maji hayo yanaweza kuingia mapafuni. Maziwa na mawese si dawa yake. Msukutue kinywa, mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji mengi, umkimbize kituo cha afya mchana au usiku, na ile chupa au etiketi uje nayo mkononi.