Asali Isichache: Ijue Hamira Iliyojificha Ndani Yake

Ndoo ya asali iliyorinwa Mwingi au Kibwezi inaweza kukaa mwaka mzima bila kuharibika, na nyingine ya msimu uleule ikatoa povu na harufu ya pombe baada ya wiki chache. Mwenye ndoo hushukiwa kwamba ametia sukari. Mara nyingi kosa ni maji.

Asali huwa na chembe hai za hamira. Nyuki huzibeba kutoka mauani, na kitambaa cha kuchujia hakizizuii. Kinachozituliza ni sukari: katika asali iliyoiva hufika karibu asilimia 80, nayo huvuta maji kutoka ndani ya chembe kama chumvi inavyokausha samaki.

Chembe haikubali kufa kirahisi. Katika hamira ya mikate, iliyochunguzwa kuliko zote, kuna protini kwenye utando wa nje zinazohisi maji yanapotoka. Habari hupokezanwa hadi kwa protini iitwayo Hog1, ambayo kwa dakika chache tu huingia kwenye kiini na kuamsha jeni za kutengeneza gliseroli. Wakati huohuo chembe hufunga tundu ambalo gliseroli ingetorokea. Gliseroli ikijaa, maji hurudi ndani. Hamira za jamii ya Zygosaccharomyces huvumilia sukari kuliko ile ya mikate, na ndizo zinazosubiri ndani ya ndoo yako.

Watengenezaji wa kaluvu, pombe ya asali ya Ukambani, wanaijua subira hiyo kwa vitendo. Tunda la muatini, yaani mwegea, huanikwa likakauka kabisa na kuwekwa hadi siku ya pombe. Hamira iliyo kwenye nyuzi zake hustahimili ukavu, ikisaidiwa na sukari iitwayo trehalosi inayojiwekea ndani. Ikitiwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye asali, huamka.

Basi usiiamshe hamira ya asali unayotaka kuuza. Rina masega ambayo nyuki wameyafunika kwa nta angalau robo tatu. Yaliyo wazi bado yana maji mengi. Usirine mvua ikinyesha, hata kama mnunuzi ana haraka. Ndoo iliyooshwa ikauke kabisa, kisha ifunikwe barabara, kwa kuwa asali hunyonya unyevu wa hewani. Kiwango cha kimataifa cha maji hakizidi asilimia 20 kwa asali ya kawaida, na kipimo kidogo cha mkononi, refraktomita, hukuonyesha ulipo. Vikundi vya wafugaji vinaweza kuchangia kimoja.

Asali ikiganda, usiiache hivyo muda mrefu mahali penye joto. Sehemu isiyoganda hubaki na maji mengi zaidi, na kuchacha huanzia hapo. Iyeyushe polepole kwa kuweka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu. Kuichemsha kunaua hamira, kweli, lakini kunaharibu pia harufu na vimeng'enya ambavyo mnunuzi anavilipia.

Iliyokwisha kuchacha usiimimine kwenye ndoo nzuri ili ipate kuuzika. Utakuwa umeipelekea hamira iliyo macho, pamoja na maji yake.