SOMO: DENI LA MBIA MWENZIO NI DENI LAKO

Wahenga walisema: kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli. Mtu mwenye fedha kidogo hawezi kununua mashine ya kusaga peke yake. Lakini wawili wakichanga, wanaweza. Biashara ya watu wanaochanga na kugawana faida huitwa ubia. Kila mmoja wao huitwa mbia.

Kugawana faida tunakujua. Je, na deni?

Mfano

Tuseme wewe na jirani yako mna mashine ya kusaga. Wewe ulitoa shilingi 1,500,000. Mwenzio alitoa shilingi 500,000. Hamkuandika kitu. Mlipeana mikono tu, mkasema, "Sisi ni ndugu."

Siku moja mwenzio anakwenda mjini. Anakopa dizeli na vipuri vya mashine, jumla shilingi 900,000. Wewe huna habari. Baadaye mashine inakufa, na mwenzio anahama kijiji. Mwenye duka anakuja kwako. Unamwambia, "Mimi sikukopa. Mfuate aliyekopa."

Je, jibu hilo litakuokoa? La, halikuokoi hata kidogo.

Sheria inasemaje?

Katika Tanzania, mambo ya ubia yamo katika Sheria ya Mikataba. Shika haya manne:

1. Mbia akikopa kwa kazi ya kawaida ya biashara, amewakopea wabia wote. Dizeli ni ya mashine, basi deni ni lenu.

2. Mwenye duka anaweza kukudai wewe deni lote. Mali ya biashara isipotosha, atadai hata mali yako mwenyewe, kama fedha za pamba ulizoweka akiba. Ukilipa, una haki ya kumdai mwenzio sehemu yake. Lakini kumtafuta ni kazi yako.

3. Kama hamkupatana vingine, faida na hasara hugawanywa sawasawa, ingawa wewe ulitoa mara tatu ya fedha zake.

4. Ukijitoa, madeni ya wakati ulipokuwa mbia bado ni yako. Waarifu wanaowakopesha kwamba umetoka. Usipowaarifu, unaweza kudaiwa hata madeni mapya.

Kusajili jina la biashara BRELA ni vizuri. Lakini jina lililosajiliwa halikukingi na deni.

Tufanye nini?

Kabla ya kuchanga, andikeni mapatano:

- Majina ya wabia, na kiasi alichotoa kila mmoja.
- Faida na hasara zitagawanywaje.
- Nani anaruhusiwa kukopa, na mwisho shilingi ngapi.
- Mbia akitaka kutoka, au akifa, itakuwaje.

Wote watie sahihi mbele ya mashahidi. Kila mbia abaki na nakala yake. Kisha waambieni wenye maduka mwisho wenu wa kukopa. Mwenye duka asiyeambiwa hafungwi na karatasi iliyo sandukuni mwenu.

Zamani tulipiga dole gumba bila kujua kilichoandikwa. Sasa unajua kusoma. Soma kwanza, ndipo utie sahihi.

Maswali

1. Mbia ni nani?
2. Mwenye duka anaweza kukudai shilingi ngapi?
3. Ukilipa zote, utamdai mwenzio shilingi ngapi?
4. Andika mapatano ya ubia katika daftari lako. Msomee mwenzio.