Tuisome Kwanza Karatasi

Hapa Singida Mjini yapo mashirika na vikundi vinavyosaidia familia zenye shida kwa sare, madaftari na unga. Tunashukuru sana. Lakini akija mtu akasema, "Nipeni huyu mtoto akalelewe kituoni," tusikimbilie kutia dole gumba. Siku hizi si tunajua kusoma? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni. Basi tuiombe, tusome jina na tarehe, kisha tumwone Afisa Ustawi wa Jamii pale Manispaa. Sheria hiyo hiyo inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake. Bibi anayelea wajukuu yatima pengine anahitaji madebe mawili ya mtama tu, wajukuu wabaki kwake.