ILIANGUKA WAPI?

Andiko la somo: 2 Wafalme 6:1-7

Fungua andiko hilo ulisome lote, halafu turudi hapa.

Wana wa manabii walikuwa wanakata miti kando ya Yordani. Mmoja wao, chuma cha shoka kikachomoka na kutumbukia mtoni. Akalia, maana shoka lenyewe lilikuwa la kuazima. Elisha hakuuliza bei, wala hakuuliza ni nani mzembe. Alitaka aonyeshwe mahali chuma kilipoangukia.

Swali hilo lilinikuta mwaka jana, baada ya ubatizo wetu pale Mto Sagana. Mnakumbuka nilipoteza pete yangu ya ndoa. Niliwaambia iliponyoka nikibatiza. Mkanihurumia, na kina mama wakaanza kuchanga ninunuliwe nyingine. Pete yenyewe niliinunua kwa mkopo wa Sacco, na mkopo ulikuwa haujaisha. Kwa hivyo hata mimi shoka langu lilikuwa la kuazima.

Vijana walijaribu kwanza na sumaku ya spika iliyofungwa kamba. Ikatoka na misumari. Sumaku haivuti dhahabu. Ndipo tukamwita ndugu mmoja aliyewahi kutafuta dhahabu kule Migori, akaja na mashine yake ya kutambua metali. Ni kama kile kifimbo askari wa getini hukupitishia ukiingia supamaketi, ila hii ina mpini mrefu na sahani ya duara inayoweza kuzama majini. Sahani inatuma nguvu ya sumaku mchangani. Ikikutana na metali, hata dhahabu, metali inajibu, na mtafutaji anasikia mlio masikioni.

"Pasta, ilianguka wapi hasa?" akaniuliza.

Nikamwonyesha pale tulipobatizia.

Akatembea kwa mistari, polepole, maji yakimfika magotini. Kila mlio alichota mchanga na kuuchekecha. Aliniambia kipande cha alumini cha mkebe wa soda kinaweza kulia karibu sawa na pete, kwa hivyo huwezi kuchagua milio, unachimba yote. Kufikia saa nane alikuwa na vifuniko vya chupa, ufunguo mmoja na sarafu ya shilingi kumi.

Akaja ukingoni. "Pasta, dhahabu ni nzito sana kuliko mchanga. Ikianguka inazama chini, haibebwi mbali na maji kama haya. Kama ilianguka hapa, iko hapa. Kama haiko hapa, haikuanguka hapa."

Mke wangu alikuwa ameketi hapo karibu na thamosi ya chai.

Ukweli ni huu. Baada ya ubatizo nilifuata vijana kule chini, kwenye kina wanapoogelea, nikaruka kutoka kwa jiwe. Maji baridi hufanya vidole vipungue, na nilipoibuka kidole kilikuwa kitupu. Lakini kaka ya mke wangu alizama kwenye mto huo huo, na nilikuwa nimemwahidi mke wangu sitawahi kuingia kina kile. Kwa hivyo nikafunika kosa langu na huduma. Nani angemlaumu mtu aliyepotezea pete kwenye kazi ya Bwana?

Nikasema yote hapo hapo. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Baba watoto, pete tungenunua nyingine. Wewe ningekununua wapi?"

Yule ndugu alikuwa tayari kujaribu kule kwenye kina. Mke wangu akakataa: hakuna mtoto wa mtu ataingia pale kwa sababu ya pete. Mchango wa kina mama nilirudisha, na Jumapili nikawaeleza sababu mbele ya kanisa.

Sasa shika haya mawili.

Kwanza, onyesha mahali penyewe. Nilisomea biashara, na najua ukiingiza hesabu ya uongo mwanzoni, hata ufanye kazi kwa bidii namna gani, vitabu havitakubali. Kuna watu wanafunga na kuomba kwa bidii, lakini wanatafuta pale wanapoonekana vizuri. Elisha alitupa kijiti mahali chuma kilipoangukia, si mahali pengine.

Pili, shoka la Yordani lilielea. Pete yangu haijaelea, na Sacco walikata mkopo wao hadi mwisho. Kilichoelea siku ile ni uongo wangu, na ndoa yangu ikapumua. Mungu ndiye huchagua cha kuinua kwanza.

Kwa ushirika wa nyumbani:
1. Ni jambo gani umekuwa ukilitafuta mahali ambapo halikuanguka?
2. Ni nani anayestahili kuonyeshwa mahali penyewe wiki hii?

Tuombe: Baba, tupe ujasiri wa kuonyesha mahali. Katika jina la Yesu, amina.