Tujifunze: Mtambo wa Upepo Hupimwaje?

Sehemu ya umeme unaotumika Thika na Ruiru hutoka kwenye upepo wa Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit. Huko kuna mitambo 365, kila mmoja ukiwa na uwezo wa kilowati 850.

Mtambo mmoja ukifanya kazi kwa nguvu zote saa 24, hutoa yuniti 20,400. Ukitoa 10,200, umefikia asilimia 50 ya uwezo wake. Hicho ni kipimo cha kwanza.

Kipimo cha pili ni wakati. Upepo wa huko huvuma sana usiku, nyumba na viwanda vingi vinapotumia umeme kidogo. Gridi ikizidiwa, mitambo huagizwa ipunguze uzalishaji, ingawa ni mizima na upepo upo. Mkataba ukitaka umeme huo ulipwe hata hivyo, gharama humfikia mteja.

Viwanda vinavyostahiki hupata bei nafuu ya usiku. Kiwanda kinachohamishia sehemu ya kazi saa hizo hupunguza bili yake na kutumia upepo ambao ungepotea.

Mradi mpya wa upepo ukitangazwa, mkazi aulize mawili: utafikia asilimia ngapi ya uwezo wake, na saa zipi?