Kidonge cha Kila Siku na Wajibu wa Wazazi

Nyumbani mwa bibi fulani, mjukuu hupewa kidonge kila jioni. Akiuliza ni dawa ya nini, hujibiwa ya kuwa ni ya kifua. Mwaka hata mwaka jibu ni lile lile. Sasa ametimiza miaka kumi na minne, anacheza mpira na wenzake, wala kifua hakimwumi. Moyoni ajiuliza, "Mbona wenye kifua hupona, mimi dawa yangu haina mwisho?" Jioni moja akitupa uvunguni, wala asione dhara lo lote. Siku ya pili akitupa tena. Ndivyo hatari iingiavyo nyumbani bila kupiga hodi.

Wazazi na walezi wapenzi, twataka kusema leo juu ya vijana wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Wengi wao walizaliwa navyo. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi hutolewa bure katika nchi yetu ya Tanzania, na watoto wengi ambao zamani wangalizikwa wachanga, leo wamo sekondari. Ni furaha kubwa. Lakini aliyelelewa na kidonge miaka yote aweza kukiacha katika ujana.

Yafaa kwanza tufahamu kazi ya dawa. Haiviondoi virusi vyote mwilini, bali huvizuia visizaliane. Kijana amezaye kila siku, virusi vyake hupungua hata kipimo kisivione; hupata nguvu, wala hamwambukizi mtu kwa njia ya kujamiiana. Akiacha, virusi huongezeka tena. Akimeza leo na kuacha kesho, virusi huweza kuizoea dawa, na huo ndio usugu. Aweza kuonekana mzima kwa miezi mingi, kumbe mwili waliwa ndani kwa ndani. Kwa hiyo msitazame mashavu yake. Ulizeni kliniki kipimo cha wingi wa virusi.

Mbona basi kijana huacha? Wengine husahau, na wengine huona haya, huchoka, huwakasirikia waliowazaa, au hawakuambiwa kweli.

Kwanza, aambiwe kweli. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2011 ya kwamba watoto wa umri wa kwenda shule waelezwe hali yao, na walio wadogo zaidi waelezwe kidogo kidogo kadiri ya akili zao. Mama aogopaye swali, "Niliupata wapi?" na ajiandae kulijibu kwa upole, bila kumlaumu mtu. Muuguzi wa kliniki atamsaidia.

Pili, kidonge kiwe na saa yake, kama vile baada ya chakula cha jioni au sala ya jamaa. Akikisahau, ameze mara akumbukapo siku ile ile; kesho yake asimeze viwili pamoja.

Tatu, msimpeleke bwenini na chupa iliyofichwa sandukuni bila shauri. Kabla ya muhula, kijana mwenyewe achague mtu mmoja wa kuambiwa, pengine matroni au mwalimu amwaminiye. Siri ni yake, si ya kutangazwa. Tena hakikisheni dawa zatosha hata siku ya kurudi kliniki.

Nne, hesabuni vidonge pamoja naye bila fimbo wala matukano. Kijana atukanwaye hujifunza kutupa vidonge kabla ya kuhesabiwa. Mkikuta vimebaki, mwulizeni, "Siku zipi zilikuwa ngumu?" kisha nyamazeni msikilize.

Tano, apate wenzake. Huko Zimbabwe, katika mpango uitwao Zvandiri, vijana wenye virusi hufundishwa kuwatembelea na kuwatia moyo wenzao. Utafiti uliotangazwa mwaka 2020 ulionyesha ya kuwa baada ya wiki 96, katika kila vijana 100 waliosaidiwa hivyo, 25 walikuwa na virusi vingi au wamekufa; kwa wasiosaidiwa hivyo walikuwa 36. Ulizeni kliniki yenu kama ina siku ya vijana, mkampe nauli.

Pana jambo moja tena. Wako wanaowaambia vijana watupe dawa kwa kuwa wameombewa. Sala na dawa hazigombani. Yoshua bin Sira, sura ya 38, atufundisha kumheshimu tabibu, na kwamba dawa zatoka kwa Mungu. Basi tumwombee kijana, kisha tumpe maji ameze.

Wazee walinena, mficha maradhi, kifo humwumbua. Bibi yule hakuficha kwa ubaya; alificha kwa mapenzi. Lakini mjukuu asiyejua sababu ya kidonge hana sababu ya kukimeza. Amketishe jioni hii, amweleze kwa upole. Huenda mtoto akalia, naye bibi akalia. Machozi hayo yatakauka. Ya kaburini hayana dawa.