Chakula cha Viazi Vilimwavyo Katika Magunia

Mbatata nyingi zitiwazo katika urojo wa Chake Chake na Wete hufika Pemba kwa vyombo kutoka Bara. Si ajabu, basi, mwanafunzi apatapo polo tupu la mchele kutamani kulijaza udongo na samadi, akapanda mbatata zake mwenyewe. Majani yatasitawi; lakini siku ya kuvuna ataona vijiazi vichache mfano wa gololi.

Mbolea haina lawama hapo. Mbatata (Solanum tuberosum) ni mmea wa milima ya Andes, na kiazi chake huumbika vyema usiku uwapo na ubaridi wa digrii 12 hadi 18 hivi za Selsiasi. Pemba iko karibu na digrii 5 kusini ya Ikweta, na joto la usiku ni nadra kushuka chini ya digrii 20. Joto hupunguza protini iitwayo SP6A, itengenezwayo majanini, ambayo hulipelekea shina la chini ya ardhi habari kwamba wakati wa kuvimba umewadia. Tarishi asipofika, sukari hubaki kulisha majani.

Kiazi kitamu (Ipomoea batatas) hakina taabu hiyo. Tena ndicho chenye haki ya jina, kwani neno batata lilikuwa lake huko visiwa vya Karibi kabla Wazungu hawajalihamishia kwa huyu jamaa wa nyanya. Katika sehemu za Micheweni, ambako jembe hugonga jiwe la matumbawe, gunia la udongo ni shamba halisi.

Mwanafunzi atakumbuka kuwa mbatata ni shina lililovimba, ndiyo maana watu huirundikia udongo kadiri inavyokua. Kiazi kitamu ni mzizi. Kukirundikia udongo juu ya shina hakuna faida kubwa. Lijazwe gunia tangu mwanzo, litobolewe matundu chini, na marando matatu yapandwe.

Sasa chakula chenyewe. Naitrojeni hujenga majani. Ikizidi, mmea husahau mizizi. Potasiamu husaidia kuisafirisha sukari kutoka majanini hadi kwenye mzizi, ambako hugeuzwa kuwa wanga. Kwa hiyo mkulima wa viazi anahitaji samadi kidogo iliyooza vizuri, na potasiamu ya kutosha. Pemba haina upungufu wa potasiamu: imo katika majivu ya kuni, na hasa ya makumbi ya nazi. Lakini majivu ni besi. Konzi moja kwa gunia wakati wa kupanda, na jingine baada ya wiki sita, yatosha. Yakizidi, udongo hupoteza uchachu kidogo ambao kiazi hiki hupendelea.

Kwa nini mara mbili? Shambani, chumvi za madini zikisombwa na maji hushuka chini, na mizizi mirefu huweza kuzifuata. Ndani ya gunia hutokea matunduni, zikapotea kabisa. Amwagiliaye mpaka maji yatiririke chini kila siku anakiosha chakula alichokiandaa. Wakati wa masika hasara hiyo ni kubwa zaidi, na kwa jaribio lifuatalo vuli ingefaa kuliko masika.

Yatayarishwe magunia 12 yenye udongo wa aina moja. Manne yasipewe kitu, manne yapewe majivu, na manne yapewe kijiko kimoja cha chai cha yurea katika wiki ya nne na ya nane. Gunia moja moja halitoshi, kwa kuwa rando moja laweza kuwa dhaifu kwa sababu zake lenyewe. Yurea na majivu visichanganywe kamwe: besi huifukuza naitrojeni hewani kwa sura ya amonia, na pua itashuhudia.

Baada ya miezi minne hivi, majani na viazi vya kila gunia vipimwe mbalimbali, kisha uzito wa viazi ugawanywe kwa uzito wa mmea wote. Uwiano huo ndio utakaoonyesha chakula kilikwenda wapi. Magunia ya yurea yanatazamiwa kuongoza kwa majani, nayo yasitupwe, kwa maana matembele ni mboga.